Katibu na Kijiji cha Watu Sita

Katibu alikuwa hanywi chai. Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwasemea wachumaji wa chai, akibishana na mameneja juu ya mizani na mvua na mapaa yanayovuja, ukimkaribisha kikombe alikisogeza pembeni kwa kidole kimoja. "Asante, mwanangu," alikuwa akisema, "hiyo tunaonana nayo kutwa nzima." Yeye alikunywa maji ya moto yenye tangawizi. Mkewe, aliyependa chai ya rangi yenye sukari nyingi, alikunywa vikombe viwili, chake na cha mumewe, ili mwenyeji asione kimemrudia.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wengine walisema asili yake ni Vuga, wengine walisema ni mtu wa kuja. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi ni wa tawi hili," yaani tawi la chama cha wafanyakazi katika shamba letu la chai, upande wa Bumbuli. Hata mkewe alimwita Katibu. Siku moja nilipita nyuma ya nyumba yao nikamsikia: "Katibu, kuni zimekwisha, na usiniambie utalipeleka kwenye kamati."

Alikuwa mfupi, na koti lake lilikuwa refu. Lilikuwa koti la mvua la rangi ya udongo alilorudi nalo Uingereza, lililoshonwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, nalo lilimfika vifundoni. Alilivaa kwenye ukungu wa asubuhi, alilivaa juani, alilivaa kanisani akiimba besi. Alilivaa hata akishuka Mombo, ambako joto linamfanya kila mtu wa milimani avue hata asichopaswa kuvua. Wauza ndizi wa stendi walimpigia kelele, "Mzee, utaiva humo ndani!" Naye aliwajibu bila kusimama kwamba mvua ya Usambara haitoi taarifa.

Hakumwogopa meneja. Aliogopa ng'ombe. Njia ya kwenda ofisini ilipita kando ya malisho, na mara nyingi ujumbe mzima wa wafanyakazi, watu wamevaa vizuri, hoja zimepangwa, ulisimama njiani ukimsubiri Katibu azunguke kwa juu, kwenye michai, kwa sababu ya ndama mmoja aliyelala. Walimtania sana. "Meneja ana sheria," alijitetea, "ng'ombe hana."

Na aliandika. Kila kikao alikiandika kumbukumbu, na kwake kikao ni popote palipo na watu wanaosema kwa zamu. Jirani zetu wawili, mume na mke, waliwahi kugombana mpaka sufuria zikatoka nje. Katibu alifika, akavuta kigoda, akafungua daftari, akachomoa penseli sikioni.

"Ajenda?" akauliza.

Mke akamnyooshea mumewe mwiko. "Ajenda ni huyu."

Katibu akaandika. Akamgeukia mume. "Ajenda ina la kusema?"

Watu wakacheka, mume akacheka, mwishowe mke naye akacheka na ugomvi ukafia pale. Alikuwa na msemo wake: "Mmoja ni lalamiko, sita ni mkutano." Nilipokuwa mtoto nilidhani ni sheria ya serikali. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini sita na si watano au kumi.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru chama kilimpeleka Uingereza kusoma mambo ya wafanyakazi kwa miezi michache. Aliondoka na koti la kuazima, akarudi na lile la mvua, kamusi, na kijiji kimoja. Kijiji kile kilikuwa na jina la Kiingereza lililomshinda kila mtu kulitamka, yeye mwenyewe akiwemo akiwa na haraka, kwa hiyo shamba zima tukakiita Kijiji cha Watu Sita.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Zamani, vibarua wa mashamba ya kijiji kile walipunguziwa ujira mara moja, mara mbili, mara tatu. Sita kati yao wakakutana, wakala kiapo cha kushikamana, wakaanzisha chama. Wenye mashamba wakaogopa. Kuanzisha chama halikuwa kosa, basi wakawakamata kwa kosa la kula kiapo cha siri. Jaji akawafunga miaka saba, wakapakiwa melini hadi Australia kufanya kazi ngumu. Wafanyakazi wa nchi nzima wakaandamana na kutia sahihi, mpaka serikali ikalegea na kuwarudisha. Na hadi leo, alisema Katibu, kila mwaka watu hukusanyika pale na bendera na tarumbeta, ingawa kijiji chenyewe hakizidi nyumba za kambi yetu ya wafanyakazi.

Hiyo ndiyo habari. Lakini Katibu hakuwahi kuisimulia fupi. Mara ya kwanza aliisimulia kwenye uwanja wa mizani, Jumapili baada ya ibada, na nilikuwepo na mama yangu.

"Nyumba zao," alisema, "zimeezekwa kwa nyasi."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko.

"Katibu! Wazungu? Nyasi?"

"Nyasi. Nimeziona kwa macho yangu."

"Mgosi, haiwezekani! Bati wanatuletea sisi, wao walale chini ya nyasi?"

Ikabidi aape. Kwamba Mzungu alimfunga Mzungu mwenzake kwa kudai ujira, hilo waliliamini mara moja. Kwamba meli ilikwenda miezi mingi mpaka mwisho wa dunia, hilo nalo lilipita. Nyasi ndizo zilizowashinda, na wako wazee waliokufa wakiamini Katibu aliongeza chumvi pale.

Mkata kuni mmoja wa kiwanda, mzee wa Kishambaa asiyependa jambo limpite bila kulielewa, aliinua mkono. "Hicho kiapo. Walikula kwa mbuzi?"

"Kwa kitabu kitakatifu, mzee wangu."

"Damu?"

"Hakuna damu."

"Basi," mzee akasema akikaa chini, "ndiyo maana walikamatwa."

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, mdogo wetu wa mwisho mgongoni, shali limemfunika mpaka kidevuni kwa sababu ya kikohozi. Aliomba nafasi.

"Hao sita walipopakiwa melini, Katibu, watoto wao walibaki na nani?"

Katibu alifungua kinywa. Akalifungua daftari lake la Uingereza, akapekua kurasa mbele na nyuma. Nakumbuka vizuri, maana hatukuwa tumezoea kumwona amekwama.

"Nilikaa pale nusu siku nzima," alisema mwishowe, "wala sikuuliza." Akalamba ncha ya penseli. "Swali limeandikwa, mama."

Jumatatu alimwandikia mwalimu wake wa Uingereza barua ya kuuliza swali la mama yangu.

Sasa, Katibu alikuwa na tabia ya kusimulia mambo ya kale kana kwamba yametokea juzi. Hakutaja miaka. Na siku zile kumsikia mtu kahamishwa na serikali kwa nguvu, mbali na watu wake, hakukuwa jambo geni masikioni mwetu. Wanawake wa kambi walirudi majumbani wakiwa wamebeba jambo moja tu: kuna wanawake sita mahali wameachwa na watoto. Jumapili iliyofuata walipanga mstari mbele ya ofisi ya chama wakiwa na gunia la mahindi, debe la maharage na kuku mmoja mwekundu.

"Vya wale watoto," alisema kiongozi wao. "Wewe ndiye unayeijua njia ya kupeleka."

Katibu alivua kofia. "Mama zangu. Wale watu wa zamani sana. Imepita miaka mia na zaidi. Wameshakufa wote, na wake zao, na watoto wao."

Wanawake walitazamana. Halafu kiongozi akajifunga khanga upya, kiunoni, kama mtu anayeingia matangani.

"Wamekufa! Na hukutuambia! Kumbe ni msiba."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kina mama wa kambi yetu chakula kilichobebwa kwenda msibani hakirudi nyumbani kilikotoka. Mtu hakirudishi hata kama amekuta msiba umekwisha. Kitaliwa huko huko na wafiwa, au kitakaa. Katibu alisihi. Alieleza kwamba haukuwa msiba wa sasa. Walimjibu kwamba hakuna msiba unaokwisha mtu akiwa bado anausimulia na kuliza wenzake. Wakatua mizigo ndani ya ofisi, wakampa pole, wakaenda zao.

Basi ofisi ya tawi ikawa na gunia, debe na kuku. Kuku alitaga kwenye trei ya barua zinazotoka. Siku meneja alipokuja kuzungumza habari za mapaa, kuku aliruka juu ya meza akasimama kati yao, na Katibu, bila kucheka, akamwambia meneja kwamba huyo ni mjumbe. Alikuwa mtu wa kanuni. Hakugusa punje ya mahindi yale wala yai. Mkewe alimuuliza mbele za watu kama anasubiri meli.

Majuma kadhaa baadaye, kwenye mvua za masika, mama alifariki kwa kile kikohozi.

Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma. Mkaratusi ulimwangukia walipokuwa wakikata kuni za kiwanda. Tukabaki wanne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko darasa la tano kwa sababu nilianza nimechelewa. Elieza alikuwa na kumi, Rahel saba, na Yona hata miaka mitatu hakuwa ametimiza. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba. Nyumba ya shamba huenda na jina la mfanyakazi aliye kwenye orodha, na jina la mama lilikuwa limefutwa. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi.

Mjomba alishuka kutoka Mgwashi, na shangazi akapanda kutoka Mombo. Hawakuwa watu wabaya, nataka hilo lieleweke. Walikaa sebuleni kwetu wakatugawa kwa upole. Elieza angekwenda Mgwashi kwa mjomba. Rahel angeshuka na shangazi. Yona angechukuliwa na familia moja ya kanisani isiyo na mtoto. Mimi ningetafutiwa kazi ya ndani mjini Lushoto.

"Tutakaa wanne," nilisema.

"Mtakaa wapi, mwanangu?" mjomba aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

Wakati ule ule Katibu aliingia, koti linatiririka maji, gunia begani, nyuma yake mkewe na debe kichwani na kuku kwapani. Wanawake wa kambi walikuwa nyuma yao. Walikuwa wamemwambia wenyewe kwamba chakula kile cha msiba sasa kimepata wafiwa wake. Alitua gunia, akatupa pole mmoja mmoja, hata Yona alimpa mkono kama mtu mzima. Kisha akakaa akamtazama mjomba, akanitazama mimi.

"Nimekuta kikao," alisema. "Nani ana hoja?"

"Mimi," nikasema. "Tunataka kukaa wanne."

Hakuandika. Nilidhani hajanisikia. Alimwomba mjomba asiondoke na mtoto yeyote mpaka kesho jioni, mjomba akakubali.

Kesho yake alirudi jua likielekea kuzama. Alisema nyumba inabaki. Jina langu litaingia kwenye orodha ya wachumaji Jumatatu, kama mtu mzima, na nyumba itakuwa kwa jina hilo.

Mjomba alishangaa. "Chama kimesema hivyo?"

"Imeamuliwa," alisema Katibu, akafunga vifungo vya koti akaenda.

Sijawahi kusikia neno zuri kuliko lile. Nilijiambia: kumbe hii ndiyo nguvu ya chama. Watu wamekaa, wamepiga kura, na Yona atalala pale pale alipolala jana. Jumatatu nikaacha shule. Sikulia, au nililia kidogo tu, kwa sababu ya hesabu za sehemu ambazo ndiyo kwanza nilikuwa nimezielewa.

Nilikuwa sijawahi kuchuma chai hata siku moja. Mama alikataa kabisa nisogee shambani, alitaka nisome. Sikujua kwamba unachukua majani mawili na chipukizi lake tu, na kwamba ukivuta badala ya kukata kwa kidole kichaka kinachoka. Asubuhi ile ya kwanza, kufikia saa nne, kapu langu lilikuwa limefunikwa chini tu, na nyapara ananitazama. Mama mmoja wa mstari wa kulia alinipita, na akipita akadondosha konzi moja ya majani kapuni mwangu bila kunitazama. Wa kushoto naye akapita akadondosha. Ndivyo walivyokuwa wakimfanyia mgeni wa kazi kwa majuma mawili, na baada ya hapo hakuna anayekupa hata jani moja, ukiomba unachekwa. Majuma mawili yalinitosha. Mchana Katibu alipita mizanini, akanisalimu kwa Kishambaa, "Onga mshi," kama alivyowasalimu watu wazima, nami nikaitikia nikijiona mkubwa.

Barua ya Uingereza ilijibiwa kwenye mavuno ya mahindi. Katibu alikuja nayo shambani, akaniita kando ya mstari akanitafsiria. Mwalimu wake alikuwa ameuliza kwa wenyeji. Wale sita walipopelekwa, wake zao walikwenda kuomba msaada wa chakula kwa wakubwa wa parokia, wakanyimwa. Wakaambiwa wakawaombe wale wa chama. Wafanyakazi wa mahali pengine, watu ambao hawakuwajua, ndio waliochanga wakawalisha mpaka waume waliporudi.

Alikunja barua polepole. "Mama yako ndiye aliyestahili kupelekwa Uingereza," alisema. "Mimi nilitazama mapaa."

Tangu siku ile alibadilisha jinsi ya kuisimulia habari ile. Alianza na wanawake, meli ikafuata baadaye. Alimaliza kwa lile gunia la kina mama wa kambi yetu, waliopeleka chakula kabla ya kuambiwa kwamba ndivyo ilivyopasa, na wao wakipenda kukatiza wakimkumbusha asisahau kuku.

Kitu kikubwa alichotufundisha, tuliokuwa tukihudhuria darasa lake la jioni la kusoma na kuandika, kilikuwa hiki: mfanyakazi haombi, anadai. Alikuwa mkali sana katika hilo. Ukiandika kwenye barua ya chama "tunaomba" alilikata neno kwa penseli nyekundu na kuandika juu yake "tunadai", mara nyingine penseli ikatoboa karatasi. Mchumaji mmoja aliyekwenda peke yake kumlilia meneja apewe siku mbili za ruhusa alipewa siku mbili na meneja, na mahubiri ya juma zima na Katibu. "Ukipiga magoti leo," alimwambia, "kesho meneja atadhani huo ndio urefu wetu."

Nililishika somo lile. Nikiwa na miaka ishirini nilichaguliwa mwakilishi wa wanawake kwenye kamati ya tawi, na kila nilipoingia ofisi ya meneja niliingia nikijua kwamba chama hiki ndicho kilichotubakishia nyumba yetu. Wadogo zangu nao niliwalea hivyo hivyo. Elieza alipotaka kuacha shule akafanye kazi ya vibarua, nilimwambia watu walipiga kura ili wewe usome, huwezi kuwatoroka. Akarudi shule.

Halafu likaja Azimio, na shamba letu likataifishwa. Tulicheza ngoma siku mbili. Katibu alihutubia akiwa juu ya mizani yenyewe, koti na yote, akasema wale sita wa Uingereza wangeliona jambo hili wangelia. Lakini miezi ilivyopita, Katibu aliyetufundisha kugoma alianza kutufundisha kutogoma. Nilimsimamisha mkutanoni, sikumwonea haya.

"Katibu, paa la banda linavuja kama lilivyovuja zamani. Mbona sasa unatuambia tusubiri?"

"Mwanangu, mwenye shamba sasa ni sisi. Tukigoma tunamgomea nani?"

Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Tunamgomea yule aliyekalia kiti chetu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Katibu alisubiri. Mtu mwingine angekasirika, nyakati zile zilikuwa na watu wengi wa kukasirika. Yeye alilamba penseli akayaandika maneno yale kwenye kumbukumbu, neno kwa neno, akayapeleka juu pamoja na ombi la bati, samahani, dai la bati. Bati zilikuja. Katibu naye, baada ya muda si mrefu, aliambiwa amechoka na apumzike. Alihamia upande wa Vuga akalima kabichi na matunda damu. Sijui kama mambo hayo mawili yanahusiana. Yeye alisema kabichi hazina nyapara, na alionekana kuzifurahia. Kwa mpango wa vijiji watu wa kule walitaka kumfanya katibu wa kijiji. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akauliza kama wana daftari.

Nilikutana naye kwa mara ya mwisho kule Mombo, kwenye stendi. Nilikuwa nimemsindikiza Yona, aliyekuwa amechaguliwa kwenda kusomea ualimu. Elieza wakati huo alikuwa fundi wa mashine kiwandani, ameoa. Rahel alikuwa anasaidia wauguzi hospitalini Bumbuli. Yona ndiye aliyebakia kwangu, naye alikuwa anaondoka. Katibu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda cha wauza machungwa, kapu la kabichi miguuni, koti limevaliwa. Alikuwa amepungua mpaka koti lilikuwa linakaribia kukaa peke yake.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Ni nani? Sogea." Akanishika mkono. "Aa, mwakilishi! Na huyu?"

"Huyu Yona."

Yona akainama. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nilikupa mkono wa pole ukaniuma kidole." Akamtazama juu mpaka chini. "Anakwenda wapi na sanduku?"

Nikamweleza. Nikamweleza na habari za wengine wawili. Alisikiliza akitikisa kichwa polepole, akarudia majina: Elieza, Rahel, Yona. Halafu nikamshukuru. Sikuwahi kumshukuru sawasawa miaka yote ile, maana nilidhani nakishukuru chama kwa kukitumikia. Nilimwambia kura ile ya kamati ndiyo iliyotulea.

Katibu alimwomba Yona akamnunulie chungwa. Yona alipokwenda akasema, "Hakukuwa na kura."

"Kura ipi?"

"Ya nyumba yenu. Niliitisha kamati usiku ule ule nilipotoka kwenu, wakakataa. Mfanyakazi mwenye wake wawili alikuwa anasubiri nyumba, jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Walikuwa na haki. Kanuni niliiandika mimi mwenyewe. Asubuhi nikaenda kwa meneja peke yangu. Sikuwa na cha kudai. Nikaomba."

Nilimtazama.

"Nilipiga magoti," alisema. "Yote mawili. Meneja aliona aibu kuliko mimi. Akaniambia, 'Inuka, bwana, utachafua koti.' Yule bwana wa wake wawili akajengewa chumba cha pili kwenye nyumba yake ya zamani, akaridhika. Wakubwa wa kamati wakadhani nilimtisha meneja kwa mgomo. Nikawaacha wadhani."

Miaka kumi na mitano nilikuwa nimesimama juu ya kura ile. Nilitaka kumkasirikia, nikamtafutia hasira moyoni, sikuipata. Nilichokipata ni Yona, anarudi kutoka kwa muuza machungwa, mrefu kuliko sisi wote, anahesabu machungwa matatu mikononi kwa sababu kila mara alikuwa ananunua na langu.

"Meneja alisema nini mwishowe?" nikauliza.

"Aliuliza kama unajua kuchuma. Alisema nyumba ya mchumaji haiwezi kukaa na mtu asiyejua kazi. Nikamwambia, huyu binti? Shamba zima hakuna anayechuma kama yeye." Akakunja uso. "Nilikuwa sijakuona ukichuma hata siku moja."

"Wala mimi sikuwa nimewahi."

"Nilihisi hivyo."

Tukaanza kucheka. Katibu alicheka mpaka akajishika ubavuni, na muuza machungwa akauliza kama mzee ni mzima. Basi la Yona likapiga honi. Nilimkumbatia mdogo wangu, nikamfunga kifungo cha shati ambacho hakikuhitaji kufungwa, akapanda, nikasimama mpaka lilipoingia barabara kuu. Niliporudi kibandani Katibu alikuwa amemenya machungwa mawili, moja limewekwa upande wangu.

"Na siku hizi?" akauliza. "Unachuma kiasi gani?"

"Sichumi sana. Wamenipa kazi ya kuwafundisha wapya kuchuma."

Alitafuna taratibu, akatema mbegu kiganjani.

"Shamba zima?"

"Shamba zima."

"Basi sikumdanganya yule bwana," alisema Katibu. "Niliwahi tu."